Dari Niliyoiziba kwa Mama Katungu

Vijana, mnanicheka. Najua mnanicheka. Kabla ya kuegemeza ngazi kwenye ukuta wa mtu, mimi huuliza kama ndani ya nyumba hiyo kuna mwanamke mwenye mimba au aliyejifungua karibuni, na ninyi mnageuka upande mkikunja midomo. Siku yangu ya mwisho kazini, mmoja wenu aliniambia, "Papa Kambale, tuko bafundi ba plafond, hatuko baganga." Sikumjibu kwa sababu nilikuwa na misumari mdomoni. Sasa nimestaafu, magoti yameikataa ngazi, na mdomo uko wazi. Nitawajibu leo, na sitakatiza mpaka nimalize.

Kazi nilijifunza Beni, na Beni si Butembo. Ninyi mliozaliwa huku kwenye baridi hamjui jua la Beni linavyoyatendea manjanja, yaani mabati ya paa. Ikifika saa sita mchana, nafasi ile iliyo kati ya plafo, yaani dari, na paa inawaka kama tanuri la mkate, na joto lote linamshukia mtu kitandani. Basi kazi yetu kule ilikuwa kulifukuza joto. Tulitoboa matundu kwenye pinyo, yaani ile pembetatu ya ukuta inayobeba paa huku na huku, tukaacha upenyo chini ya ukingo wa manjanja, tukatandika mikeka ya matete juu ya plafo. Hewa ilipita chini ikatokea juu. Mwenye nyumba akiweza kulala alasiri bila kuloweka shuka, tulijua tumemaliza.

Mwalimu wangu alikuwa Mzee Kakule, mtu mfupi, mkimya, aliyeanzia useremala misheni. Mita yake ilikuwa imekatika na leveli hakuwa nayo, lakini mfukoni hakukosa ganda kavu la mgomba lililosokotwa kama kamba. Kabla hatujapigilia ubao wa mwisho wa plafo alipanda peke yake, akaliwasha lile ganda, akapuliza mwali uzimike libaki kufuka, kisha akachuchumaa gizani akiuangalia moshi. Moshi ukikimbilia matundu, alishuka tukaendelea. Ukisimama mahali pamoja, alishuka akasema tubomoe. "Nyumba hapana kusema," aliniambia. "Uliza moshi." Nilimwona mzee wa mambo ya kale. Nilikuwa kijana mwenye haraka, kama mlivyo ninyi.

Haraka yenyewe ilinipa aibu mapema. Ukiwa juu ya plafo unakanyaga zile mbao zinazobeba, hukanyagi triplex, ule ubao mwembamba wa kufunikia, hata kidogo. Mimi nilikanyaga triplex. Chini yangu pasta mmoja alikuwa akiombea chakula pamoja na wageni wake, na mguu wangu ulishuka mpaka gotini ukabaki unaning'inia juu ya sahani ya wali. Pasta hakufungua macho. Alimaliza ombi lake, watu wakaitikia amina, ndipo akainua uso akasema, "Karibu, ndugu, lakini ungepita kwa mulango." Mzee Kakule alicheka mpaka akashika mbao asianguke. Baadaye alinivuta sikio, na nilistahili.

Tulihama Beni wakati wengi walipohama, na sababu za vita mnazijua. Nilifika Butembo na mke, watoto na sanduku la vyombo, nikakuta kazi ya kinyume. Huku hakuna anayelifukuza joto, kila mtu analitafuta. Nyumba za zamani, zile za matofali ya kuchoma zenye paa refu, zilikuwa na plafo ya matete iliyopakwa udongo na chokaa, matundu kwenye pinyo, na nyufa ambazo kiganja kinapita. Baridi iliingia humo kama mwenyeji. Mtu wa kwanza aliyeniita alisema, "Papa, ziba." Nikaziba. Wa pili naye akasema nizibe, nikaziba. Watu walifurahi, na jina langu likaanza kutembea mitaani bila mimi.

Kilichonipa jina hasa ni makapi ya kahawa. Hilo ni wazo langu, na bado naliona zuri, kwa hiyo lisikieni vizuri. Wakobozi wa kahawa hawana pa kuyatupa. Chukua, lakini hakikisha ni makavu. Finya konzi moja, fungua mkono: yakitawanyika, ni mazuri, yakishikamana, yarudishe juani, kwa maana makapi mabichi yanachacha na kupata joto yenyewe juu ya kichwa cha mtu. Changanya na majivu na chokaa kidogo kwa ajili ya panya na wadudu. Tandika bashi, yaani turubai la plastiki, juu ya triplex, mwaga makapi unene wa kiganja kilichosimama, halafu acha nafasi kubwa kati ya makapi na manjanja. Funga pua, la sivyo utakohoa wiki nzima. Yote hayo niliyafanya sawasawa. Kosa langu halikuwa kwenye makapi.

Mama Katungu alikuwa mjane, mkubwa wa kikundi cha akina mama kanisani kwetu, mwanamke ambaye akisimama kutoa tangazo hata watoto wanaacha kucheza. Aliishi katika nyumba moja ya zamani pamoja na mwanawe mdogo, Muhindo, mfanyabiashara aliyeshinda njiani kati ya Butembo na Manguredjipa, na mke wa Muhindo, Kavira, ambaye alikuwa karibu kujifungua mtoto wa kwanza. Nyuma ya nyumba hiyo, ndani ya ua huohuo, kulikuwa na nyumba ndogo ya mbao. Humo alikaa Masika na watoto wake watatu. Masika alikuwa mke wa mtoto mkubwa wa Mama Katungu, na mume wake alikuwa ameshafariki. Kila asubuhi aliuza uji pembeni ya soko, buyi kama tunavyouita, mzito na wenye soya, na foleni yake ilikuwa ndefu. Zamani alilala nyumba kubwa. Baada ya msiba akahamishiwa ile ya mbao, na watu walisema jambo hilo halijamtoka moyoni.

"Papa Kambale," Mama Katungu aliniambia, "mukamwana wangu atazaa mwezi huu. Hii nyumba iko na baridi mubaya. Sitaki mutoto aione."

"Hataiona, Mama," nikamjibu.

Nilivunja plafo ya matete nikaweka triplex na bashi. Nikamwaga makapi. Nikaziba matundu ya pinyo kwa tofali na sementi, nikaziba upenyo wa chini ya manjanja, kisha, kwa ufundi wangu wa kupita kiasi, nikazungushia fremu za madirisha vipande vya mpira. Chini ya mlango wa chumba cha Kavira palibaki upenyo wa vidole viwili. Hapo nilisahau tu.

Sasa sikilizeni jambo ambalo kila mtu wa huku analijua, na mimi nililijua kama ninyi. Mwanamke akijifungua, tunamwotesha moto. Makaa yanawashwa nje kwenye babula, jiko letu la makaa, mpaka yawe mekundu bila moshi, kisha babula linaingizwa chumbani, mlango unafungwa, mzazi anapewa buyi la moto, anajifunika na mtoto wake. Wiki kadhaa, kila siku. Mama zetu walioteshwa hivyo katika nyumba hizo hizo za matofali. Nilijua nyumba inazibwa kwa ajili ya mzazi, na nilijua mzazi anaoteshwa moto. Mambo hayo mawili yalikaa kichwani mwangu kila moja kona yake, hayakukutana. Wala sikuuliza moshi.

Kavira alijifungua mtoto wa kiume. Baada ya siku chache nilikutana na Mama Katungu, akaniambia madirisha yanalia kila asubuhi na mzazi analalamika kichwa. Nilimcheka kidogo. Nikamweleza habari ya jasho, na hiyo nayo ishikeni: maji yakidondoka siku ya mvua, paa linavuja, yakidondoka asubuhi kavu, nyumba inatoka jasho, usikubali kumuuzia mtu manjanja mapya bure. Nilisema madirisha yakitoka jasho ni dalili kwamba joto limekaa ndani. Kuhusu kichwa nikasema mzazi yeyote anaumwa kichwa, mtoto halali. Mama Katungu akaniamini. Mimi ndiye fundi.

Jumapili, baada ya ibada, aliniomba nipite niangalie yale madirisha. Yeye alibaki kanisani kwenye kikao cha akina mama. Mvua ilikuwa inaanza. Nikabisha mlango wa mbele, kimya. Nikazunguka uani, nikabisha dirisha la Kavira, kimya. Kisha nikasikia sauti ndogo ndani, nyembamba, inakatika na kurudi. Masika akatoka kwenye nyumba yake ya mbao, mikono imejaa unga.

"Yuko analala," akasema. "Nilimuletea buyi asubui, mbele ya ibada kuanza. Alikunywa, akasema iko na usingizi."

"Mutoto analia na mama haamuki?"

Alinitazama, akaanza kukimbia. Mlango wa mbele ulikuwa wazi, wa chumbani ulikuwa na komeo kwa ndani. Tuliusukuma kwa mabega mawili mpaka komeo likang'oka. Ndani kulikuwa na joto zuri, nawaambia ukweli, joto la kupendeza kabisa, bila harufu yoyote ya moshi. Kavira alilala ubavu, mdomo wazi, matapishi kwenye mto. Mtoto alikuwa sakafuni karibu na mlango, ndani ya beseni lenye blanketi. Mama yake alimweka pale ili asizidiwe na joto la makaa, na pale ndipo palipokuwa na ule upenyo wa vidole viwili. Nilichosahau kukiziba ndicho kilichomwacha hai. Nimelitafakari hilo miaka mingi na halijawahi kunifariji.

Masika alimtoa mtoto nje, akanikabidhi, akarudi akamburuta Kavira mpaka uani kwenye mvua. Kisha akamweka mgongoni, mtu mzima, akapanda naye hadi barabarani akiita pikipiki. Mimi nilimlaza mtoto barazani penye hewa, nikarudi chumbani kuchukua blanketi lake. Kipande cha kitambaa kilikuwa kimeanguka ukingoni mwa babula, kinafuka. Moshi wake ulikuwa umesimama katikati ya chumba, hauendi juu wala pembeni, na mlango ulikuwa wazi nyuma yangu. Nilikielewa pale pale nilichokifanya.

Kwenye kituo cha afya, muuguzi aliuliza kama kulikuwa na makaa ndani. Mama Katungu alikuwa ameshafika, kitambaa cha kichwa kimelowa.

"Makala tunawekaka tangu zamani," akasema. "Miye nilizalia batoto saba mu ile chumba, na makala. Hakuna mutu alikufa."

"Basi inaweza kuwa gaz ya makala, inaweza kuwa sumu," muuguzi akasema. "Hatuna machine ya kupima. Atapumua, tutaona."

Mama Katungu alikikamua kile kitambaa. Kisha akauliza, pole pole, "Nani alimupa chakula?"

Watu wote waligeuka. Masika alikuwa amesimama ukutani, amelowa, anamtuliza mtoto niliyemletea. Mama Katungu alimwendea, akamchukua mtoto kutoka mikononi mwake. Nami nilikuwa hatua tatu kutoka hapo. Nilifungua mdomo, nikaufunga.

Niliogopa. Sitafuti neno lingine. Mama Katungu alizalia watoto saba mle na makaa na hakuna aliyekufa, kwa sababu nyumba ilikuwa na nyufa. Kitu kimoja tu kilikuwa kimebadilika humo, na mimi peke yangu nilikijua. Lakini Kavira alikuwa bado hajafungua macho. Akifa, na watu wakisikia ni fundi fulani aliyehamia kutoka Beni, mnajua vijana wa mtaa wanavyokuja na mawe. Nilikuwa na watoto nyumbani. Nikajiambia ningoje aamke kwanza.

Aliamka usiku ule, hakumbuki kitu. Mtoto alinyonya. Mimi bado sikusema.

Jumatatu nilifanya jambo ambalo ndilo sababu hasa ya kuwasimulia. Nilichukua patasi na nyundo nikaenda kwa Shemasi wa kanisa letu, mtaa wa pili, ambako nilikuwa nimeziba vilevile, nikamwambia kuna popo wamefungiwa ndani, watafia humo na kunuka. Nikamtobolea pinyo pande zote mbili. Nikaenda nyumba nyingine mbili nikafanya vivyo hivyo. Nilijua vya kutosha kuwaokoa watu hao watatu, lakini nilijifanya sijui vya kutosha kumwokoa Masika.

Njiani nilipita sokoni. Sufuria lake lilikuwa limejaa, limefunikwa, na benchi lilikuwa tupu. Mwanamke aliyeuza mikate jirani yake alikuwa amesogeza meza yake mbali. Masika aliniona.

"Papa, weye ulikuwako," akasema. "Uliona vile nilimubeba."

"Niliona," nikasema, nikapita.

Jumatano mke wangu aliniambia, akimenya viazi, kwamba familia inakutana mchana ule. Muhindo amerudi kutoka Manguredjipa. Masika atapandishwa lori arudishwe kwao Kirumba, na watoto wake watatu watabaki kwa familia ya baba yao. Aliyasema kama habari za mtaa, kwa maana hakujua lolote. Niliacha sahani. Nilinunua kuku mwekundu, mwenye nguvu, nikaenda kwa Mama Katungu.

Walikuwa sebuleni: Mama Katungu, Muhindo, wajomba wawili, na Shemasi; Kavira na mtoto walikuwa bado kituo cha afya. Masika alikaa kwenye kigoda karibu na mlango na mfuko wake umefungwa. Nje dereva wa pikipiki alikuwa anangoja kumpeleka stendi. Nilisimama na kuku kwapani, nikasema, "Sumu haiko mu buyi. Iko ku plafond yangu."

Mjomba mmoja alicheka. "Plafond njo inatoaka sumu sasa?"

Nikaeleza. Makaa mekundu yanatoa kitu kisichoonekana wala kunuka, zamani kilitokea juu kwenye nyufa, nimeziba juu. Muhindo akasema ni maneno tu, Masika amenitafuta nimsaidie. Nikamwambia, "Munipe lisaa moja, makala, na hii kuku. Mufunge mulango nyiye benyewe."

Waliwasha makaa nje yakawa mekundu, wakaweka babula mahali pake pale pale. Kuku alifungwa miguu, akawekwa kwenye kikapu juu ya kitanda. Muhindo mwenyewe alifunga mlango. Tukakaa. Mvua ilinyesha na hatukuisikia, maana makapi yalikuwa yameinyamazisha kabisa. Mara moja dereva wa pikipiki alichungulia akasema lori halitangoja, Muhindo akamwambia atulie.

Saa ilipotimia tulifungua mlango. Kuku alikuwa ameinua kichwa, anatutazama kwa jicho moja.

"Kuku iko muzima, Papa Kambale," Mama Katungu akasema.

Nitawaambia kitu ambacho sijamwambia hata mke wangu. Nilifurahi. Moyo wangu uliruka: basi si mimi, kazi yangu ni safi. Furaha hiyo ilidumu mpaka nilipogeuka nikamwona Masika anakaza fundo la mfuko wake, taratibu, kama mtu anayejua hakuna haraka tena.

"Bado," nikasema. "Kavira alifungiwa tangu asubui mpaka saa saba. Makala haitoshi. Muongeze."

"Mpaka lini?" mjomba akauliza. "Mpaka kuku izeeke?"

Lakini Muhindo alikuwa ananiangalia. Akaenda nje akaleta makaa mwenyewe, koleo baada ya koleo, akafunga mlango, akasimama ameuegemea. Mara hii nilihesabu pumzi zangu. Nilitaka kuku afe na nilitaka asife, na nilijua ninachokitaka zaidi, na nilijichukia. Shemasi alikuwa anaangalia juu, kwenye triplex, muda wote.

Muhindo alipofungua, alishika pumzi, akaingia, akatoka na kikapu mpaka uani. Shingo ya kuku ilikuwa inaning'inia nje ya kikapu. Alimlaza kwenye majani, kwenye mvua, akampapasa, akampuliza. Hakuamka.

Mama Katungu aliketi chini, pale pale mlangoni. Hapo Shemasi akasema, bila hasira, kama mtu anayekumbuka, "Papa Kambale, Jumatatu ulikuja kwangu ukatoboa pinyo. Ulisema ni popo."

Masika alisimama. Alikuja mpaka mbele yangu.

"Ulijuwa tangu siku gani?"

"Tangu Jumapili."

Aliitikia kwa kichwa kidogo, kama mtu aliyeuliza njia akaonyeshwa. Akachukua mfuko wake, akapita katikati yetu, akarudi kwenye nyumba yake ya mbao, na tukasikia komeo.

Kavira alipona, na yule mtoto leo ni mrefu kuliko mimi. Mama Katungu alimwomba Masika msamaha mbele ya akina mama wote kanisani, amesimama, na ninyi mnaomjua mnaelewa uzito wake. Wateja wa buyi walirudi mmoja mmoja, kwa miezi, kwa sababu neno sumu likishasemwa halifutiki upesi. Nami niliirudia nyumba yote. Matundu kwenye pinyo na waya wa kuzuia popo, upenyo chini ya manjanja, na katika kila chumba bomba linalopenya plafo na makapi mpaka juu. Makapi yalibaki, na nyumba haikuwa baridi kama zamani. Mkiziba, zibeni hivyo. Na babula lisiingie ndani hata kama kuna matundu kumi. Mzazi anaweza kupashwa kwa tofali: lipashe moto nje, lifunge kwa kitambaa kizito, liweke miguuni pake. Kama mwenye nyumba hataki kusikia habari ya tofali, teremsheni ngazi mwondoke.

Masika hakuwa akinisalimia. Nilikunywa buyi lake kila asubuhi, alinipimia kama mtu yeyote, basi. Ilikuwa hivyo kwa miaka. Kisha alijenga vyumba viwili vya matofali kwenye kiwanja chake mwenyewe, kwa nguvu ya lile sufuria, na siku moja binti yake alikuja karakana akasema mama yake ananiita nije na ngazi.

Nilifanya kazi siku sita. Alisimama chini kila siku, mikono kifuani, akitazama kila tundu ninalotoboa. Siku ya sita nilishuka nikasema nimemaliza. Akatoka, akarudi na babula limejaa makaa mekundu, akaliweka katikati ya chumba cha watoto.

"Mama, nilisema babula haiingii."

"Najua. Ni leo tu," akasema. "Na kuku hapana. Ingia weye."

Nikaingia. Akafunga dirisha, akafunga mlango. Matundu yale niliyatoboa kwa mkono wangu, nilikuwa nimeyapima mara mbili, na bado jasho lilinitoka. Nikaketi sakafuni nikiangalia juu. Nje nilimsikia akivuta kigoda. Kila baada ya muda mfupi aligonga mlango, nami nikaitika. Hakuondoka hapo hata mara moja.

Alipofungua aliinama akaniangalia machoni, moja kisha lingine.

"Kichwa iko nakuluma?"

"Hapana, mama."

Akalibeba babula mwenyewe akalitoa nje, akaita watoto wake walete magodoro.